Tiara ya Isevya

Mwezi wa saba, Tabora, upepo haubishi hodi.
Unaingia Isevya na vumbi lake,
unapeperusha pumba kwenye ungo,
unapindua manyoya ya kuku.
Nikasema: leo.

Mabua ya mtama nilichagua kwa kuyapinda karibu na sikio;
lililolia, nililitupa.
Uzi nilichomoa kwenye gunia la tumbaku,
kipande kwa kipande, fundo kwa fundo,
mpaka kopo la maziwa likanenepa.
Gundi, uji wa jana uliogandia sufuriani.
Mkia, ukanda wa kanga kuukuu
uliobakiwa na neno moja: WATASEMA.

Karatasi ndiyo iliyokosekana.
Mfuko wa saruji mzito, gazeti linachanika.
Chini ya meza ya kiduka cha mama
palikuwa na daftari kubwa.
Nikatoa kurasa nne za katikati,
pale pini zinapoachia bila kelele.
Sikusoma. Naapa sikusoma.

Ilikataa mara mbili.
Ikazunguka kama mlevi, ikapiga pua chini.
Mihayo akasema mkia mfupi; tukaunga soksi yake.
Mara ya tatu uzi ukanichana kidole
na tiara ikapanda,
ikasimama juu kidogo tu ya bati la Mzee Kasoga,
jua likaipenya kwa nyuma,
na mwandiko wa mama, mkubwa kama wa mtoto, ukawaka:

Kasoga, sukari robo, mafuta ya taa.
Mama Nyanzala, sabuni mche, atalipa tumbaku ikiuzwa.
Mwalimu Lugembe, mkate, mkate, mkate.

Mwalimu akashuka kwenye baiskeli.
Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kucheka.

Halafu fundo mojawapo likachoka.
Tiara ikaenda zake, upande wa stesheni,
na madeni ya mtaa mzima,
WATASEMA ikipunga nyuma yake.

Mama alitoka na mwiko mkononi.
Akakitazama kile kidoa mpaka kikaisha.
Hakunichapa. Alikaa, akachukua kalamu,
akaanza kuandika upya kutoka kichwani.
Alipofika kwa Mama Nyanzala
akasita,
akaruka mstari.

Usiku, tukiwa tunafunga, mtu akagonga dirisha.
Mwalimu Lugembe, bila baiskeli,
na pesa ya mikate mitatu, imekunjwa ndogo.

“Minne,” mama akasema.

Akaingiza tena mkono mfukoni.