Ndevu za Msonobari

Niliajiriwa kufunga tepe.
Rangi ya chungwa kiunoni: huu uanguke.
Shina tupu: huu usubiri zamu yake.
Mia nne kwa siku, na zingezidi kama kungekuwa na mwanga,
ila Desemba, kaskazini ya Jokkmokk,
jua halichomozi. Huchungulia tu
kama mdaiwa dirishani, likarudi ndani.

Mvua ikanyesha siku tatu. Mvua, si theluji.
Usiku wa nne baridi ikakunja ngumi.
Maji yakimwagika hayazoleki, tunaambiwa;
haya yalizoleka, yakalala kigae kimoja
toka mtoni hadi mlimani,
na chini ya kigae, chakula chote cha kulungu.

Ravdna Länta alitokea kwa skii,
nyuma yake kulungu wa theluji themanini,
pua zimechanika kwa kuparura barafu.
Hakunisalimu.
Alisimama chini ya msonobari niliokwisha kuufunga
akaugonga kwa fimbo.
Ndevu zikadondoka, nyeusi, kavu, nyepesi kuliko neno,
kuvumwani iliyokawia umri wa mtu
kufikia urefu wa kiganja.
Kulungu wakaja wakala miguuni pangu
kana kwamba nami ni kisiki.

"Kampuni iliniandikia," akasema.
"Wanataka kujua nahitaji miti mizee mingapi.
Nikawajibu: njooni usiku kama huu, mhesabu wenyewe."

Nikamwambia watapanda mingine,
mitatu kwa kila mmoja.
Akacheka, wala si kwa ubaya.
"Mtoto hazaliwi na ndevu."

Alipoondoka nilitoa keekee
nikautoboa mti mwembamba kama paja langu.
Pete zimebanana, hata ukucha haupiti.
Nilihesabu hadi mia mbili na kumi na moja
ndipo macho yakaanza kutoa machozi kwa baridi.
Nasema ni baridi.

Sikufanya ushujaa. Nina mkopo wa gari,
nina binti anayesoma Umeå.
Nilifungua tepe thelathini na saba kando ya kinamasi
na kwenye ramani nikaandika:
ardhi tepetepe, mashine itazama.
Nusu yake ilikuwa kweli.
Zilizobaki zilibaki.
Februari zikaja taa, zikaja meno ya chuma,
na kwa wiki mbili msitu ulinuka utomvu
kama duka la rangi.

Aprili nilitumwa kuhesabu visiki.
Nikapitia kwenye ile thelathini na saba,
theluji bado magotini.
Ndege mmoja wa rangi ya kutu ameshaatamia,
hakungoja ruhusa ya majira.
Nilipanda tawi moja, nikatazama bila kugusa:
ndevu za msonobari, manyoya ya kulungu,
na katikati, umesokotwa barabara,
utepe wangu wa rangi ya chungwa
ukisaidia kutunza joto.