Jino la Tatu

Bi Mwantumu Shekalaghe aliileta ndani ya soksi,
soksi moja, ya mtoto wa shule, imepigwa fundo.
"Wewe fundi saa," akasema, "na hiki si chuma?
Kijana wangu ndevu zimeanza. Nataka itakate."

Mashine ya kunyolea, ya vipande vitatu:
kifuniko, chanuo, mpini.
Vimegandana kama ndugu waliogombea nyumba ya urithi
na wote wakakataa kuhama.

Nikailaza kwenye kopo la mafuta ya taa, usiku kucha.
Asubuhi nikaizungusha kwa kitambaa: kimya.
Nikangoja adhuhuri. Nikaizungusha tena,
ikalia kwii, kidogo, ikaachia.

Chini ya kifuniko, jamani, ukoga!
Sabuni ya miaka, imekauka rangi ya maziwa ya jana,
kutu ya kijani kwenye hesi za shaba,
na ndani ya sabuni ile, vinywele.
Vifupi. Vyeupe vingi, vyeusi vichache,
kama singa zinazobaki kwenye mashine ya mkonge
baada ya zamu ya mwisho.

Maji ya moto, si ya kuchemka.
Siki kijiko, dakika tano tu, maana siki haina adabu,
ikimaliza uchafu huanza kumla mwenyeji.
Mswaki uliochoka. Njiti ya kiberiti niliyoichonga
kwa kila mwanya baina ya meno.
Dawa ya meno ya kusugulia mpini
hadi mistari ikatoka mmoja mmoja,
hadi kwenye kitako zikasomeka tarakimu
nisizojua zilihesabu nini.
Maji yale ya kijivu niliyamwaga mferejini,
Barabara ya Kumi na Tatu, mbele ya muuza mihogo,
wala sikufikiri.

Jino la tatu la chanuo lilikuwa limepinda juu.
Nikalishika kwa koleo. Nikaliachia.
Shaba ya zamani ukiilazimisha huvunjika,
na umeme ulikuwa umekatika,
na, niseme kweli, njaa ilikuwa inauma.

Alhamisi akaja. Nikaitandika kwenye kitambaa cheusi
kwa mbwembwe zangu zote.
Akaitazama muda.
"Imekuwa ya dukani," akasema. "Ya nani hii?"
Nikadhani anatania. Nikacheka peke yangu.
"Baba alikuwa karani wa mizani, shamba la mkonge.
Ukiifungua ilikuwa inanuka yeye.
Maji yake umeyamwaga wapi?"

Nikamwonyesha mfereji kwa kidevu.
Kidole kilikataa.

Wazee walisema mtoto akililia wembe, mpe;
hawakusema umpe nini mtu mzima
anayelilia uchafu wa wembe.

Nikaanza kuvifunga vipande, huku natafuta bei ya kumpunguzia,
ndipo dole gumba lake likapita juu ya meno,
la kwanza, la pili, likasimama.
"Hili hukulinyoosha."
"Hapana, mama, lingevunjika." (Njaa sikuitaja.)
"Lilipinda siku nilipoiangusha uani, naichezea mie.
Toka siku hiyo, kila Ijumaa alibakiza mstari
chini ya taya, upande wa kushoto.
Mama akimwambia: karani,
umesahau mzigo kwenye mizani."
Akacheka hadi akashika meza yangu.
Akalipa bei yote. Akadai soksi yake.

Mwezi uliofuata, watu wanatoka kuswali Ijumaa,
kijana mrefu akapita mbele ya kibanda,
kanzu imepigwa pasi, shingo inameta,
mashavu safi kama sahani,
na chini ya taya, kushoto,
ufito mwembamba, mweusi, umesimama wima.

Nilikuwa na saa ya mtu mezani, iko wazi.
Sikumwita.