Zamu ya Maji

Karani wa kata nilikuwa mimi,
miaka sita, kalamu ya wino wa buluu,
na askofu wetu alikuwa Zablon Amugune,
mchomeleaji mageti wa Kariobangi Light,
aliyevaa tai Jumapili
huku nyusi zake zimebabuka kwa cheche.

Hakulipwa. Kwetu askofu halipwi.
Siku walipomwita alidhani wamekosea mlango.
"Mimi nashika moto, neno silijui kulishika,"
alisema. Wakamwekea mikono kichwani hivyo hivyo.

Wamisionari wawili wazee, mume na mke,
kabla ya kurudi kwao ng'ambo
walimwachia nakala ya shajara ya babu wa babu yao,
Hosea Thurgood, askofu wa bonde kavu
nyuma ya milima, enzi za magari ya ng'ombe.
Tuliisoma jioni, tukishafunga hesabu ya sadaka,
mimi nikitafsiri, yeye akimenya njugu.

Jumatatu. Nimegawa maji. Sikuhubiri.
Jumanne. Mjane Pratt kaleta zaka, mayai kumi na moja.
La kumi na mbili limevunjika njiani. Analia.
Jumatano. Jeneza fupi. Mbao za gari zimekwisha.

Amugune akaacha kutafuna.
"Huyu mtu," akasema, "anakaa Kayole."

Maana wiki ile bomba lilikuwa na siku kumi na nne
likikohoa hewa tu,
na Dada Lusike na Dada Finike
walikuwa wamepigana kwa mitungi uani pa kanisa,
mmoja kang'oka kucha.
Hakufungua maandiko.
Alichomelea kifuniko juu ya tangi, akatia kufuli,
akaandika zamu kwa chaki ukutani:
nani saa kumi na moja alfajiri, nani kumi na mbili.
Jina la mkewe akaliweka mwisho.
Mkewe hakumsemesha hadi Ijumaa.

Jeneza fupi nalo tulilizika, Lang'ata, mvua ya manyunyu.
Alilibeba mwenyewe, amelikumbatia,
kama mtu anayepeleka nyumbani televisheni mpya
na anaogopa kujikwaa.

Ukurasa wa arobaini tukamkuta Hosea na wake watatu.
Nyumba tatu, dohani tatu,
mke wa pili amenyamaza tangu mavuno.
Nikasita. Akasema, soma.
Mama yake yeye alikuwa mke wa pili, huko Vihiga,
jiko lake upande unaopigwa na mvua.
Na ni yeye, mwaka uliotangulia,
aliyemwambia Mzee Kisaka, mbele ya wake zake wawili,
kwamba hivyo walivyo hawezi kumbatiza.
Mzee alikuwa amekuja na taulo yake mwenyewe.

Amugune alikusanya maganda ya njugu,
moja moja, akayaweka mfukoni mwa koti.
"Kumbe mlango huu," akasema,
"uliwahi kuwa na upana mwingine."
Sikuandika hilo popote. Naliandika leo.

Halafu mstari mmoja, hauna tarehe:
Wenye bonde wamepita. Tumewapa unga.
"Wenye bonde," alirudia. "Unga."
Akaniomba nirudie tena, labda nimekosea tafsiri.
Sikuwa nimekosea.
Nje, mji ambao Wamaasai waliuita maji baridi
ulikuwa umepanga foleni ukingoja lori la maji.

Alipumzishwa Agosti. Mwingine akakalia kile kiti,
mhasibu, mtu mwema, mwenye kompyuta.
Amugune akanikabidhi ufunguo wa tangi
na daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Sikujua kuwa naye alikuwa anaandika.
Kurasa nyingi zina mafuta ya mashine, hazisomeki.
Ya mwisho inasomeka:

Alhamisi. Nimemaliza geti la Lusike.
Hana pesa. Nimemwambia alipe mayai.
Amecheka. Hajui mimi sitanii.
Kisaka nimempelekea maji, mitungi miwili.
Taulo bado iko kwenye kamba.