Ukurasa wa Thelathini na Moja

Sheria ilipopita tuligawiwa soda na nakala,
soda kila mtu, nakala moja kwa wadi nzima.
Wakasema, Truphosa, wewe ndiwe katibu, itunze.
Nikaijalidi kwa gazeti kama kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza,
nikaisoma usiku kwa koroboi,
kidole chini ya neno,
hadi palipoandikwa: ndani ya siku tisini.
Hapo nikatia wino mwekundu.

Wenzangu huhesabu ng'ombe.
Mimi, tangu mto Nyando uingie jikoni kwangu
ukatoka na sufuria tatu na mlango,
nahesabu ahadi.

Ukurasa wa pili: Kisumu, orofa ya tatu.
Afisa hayupo. Koti lake lipo kitini.
Ukurasa wa tano: koti lipo.
Ukurasa wa sita: afisa yupo, faili haipo.
Ukurasa wa tisa: faili iko Hazina.
Hazina wasema iko Mazingira, Mazingira wasema iko Kawi,
na Kawi ni mlango wenye kufuli,
na juu ya kufuli, utando.
Nimeandika: buibui yupo kazini.

Pembezoni naandika nauli.
Ahero hadi mjini, mia na hamsini; kurudi, hivyo hivyo,
mvua ikinyesha, mia mbili.
Siku moja nitajumlisha. Sijapata moyo.

Mwaka wa pili bango lilitangulia kufika.
Bango la chuma, kijani kibichi, miguu ndani ya saruji:
PAMPU YA MAJI YA NGUVU ZA JUA.
SHILINGI MILIONI SITA NA LAKI NNE.
HALI: IMEKAMILIKA.
Tukalizunguka, mbele, nyuma.
Wilkista akapiga magoti, akatega sikio chini,
akasema, labda wameizika.
Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka, kila mtu kwa wakati wake.
Waliofaidi ni mbuzi: hujikunia pale.

Jua lenyewe halijakosa kazi hata siku moja.
Linaripoti Kano kabla ya saa moja,
halidai posho ya kikao,
linakausha mpunga mbele ya macho yetu
na maji yako hapo chini, mita arobaini.

"Mama, wewe na daftari lako! Umetumwa na nani?"
Nikafungua kifungu cha kumi na saba,
nikamwonyesha neno umma.
Nikamwambia, huyu.

Afisa yule akahamishwa. Wa pili akahamishwa.
Wa tatu ni kijana, Onditi, kola yake bado ngumu.
Alifunga mlango kwanza, ndipo akasema:
bunge la kaunti linataka historia ya mradi, tangu mwanzo.
Kwetu hapa hakuna karatasi.
Akalitazama daftari langu
jinsi mtu atazamavyo sahani ya mwenzake.

Haliachwi, nikasema.
Linakiliwe nikiwepo.

Tukasimama kando ya mashine, yeye akifunua, mimi nikihesabu.
Mwanga ulipita chini ya kila ukurasa
kama mtu anayetafuta kitu uvunguni kwa tochi.
Koti likatoka. Koti likatoka tena. Buibui akatoka,
mweusi zaidi kuliko nilivyomwandika.
Saa nane na dakika ishirini,
thelathini na moja ungali kifudifudi juu ya kioo,
mashine ikaguna.
Feni ikazunguka kivivu, ikasimama.
Stima imepotea.

Jengo zima likasikika likipumua.
Kijana akaenda dirishani, nami nikamfuata.
Chini yetu, juu ya paa la stoo,
paneli za sola kumi na mbili,
zingali zimevikwa nailoni ya kiwandani.

Hizo je?
"Zinangoja sahihi."
Ya nani?

Alinyamaza kwa muda mrefu.
Nikalitoa daftari kiooni, lingali na joto,
nikamwomba kalamu yake,
nikaandika saa.