Mguu wa Anésio

Kaka yangu aliumwa Jumanne, migombani,
juu kidogo ya mto Ribeira, mkungu begani,
kisigino juu ya jararaka aliyejikunja
rangi moja na majani makavu.
Meno mawili. Kama mwiba tu, alisema.
Akautua mkungu taratibu, usichubuke,
maana ndizi yenye doa, Registro hawainunui.

Mimi nilikuwa São Paulo, kazini,
jicho limezama ndani ya hadubini,
natazama jambo lile lile.

Kisahani cha kioo. Seli walaji zimetulia
kama unga uliomwagika.
Nikazidondoshea sumu ya jararaka,
kidogo, hata kope isingelowa.
Hazifi. Hilo hunishangaza mpaka leo.
Zinaamka, zinajitanua, zinachomoza vidole,
zinapapasa, zinapapasa,
kama mtu atafutaye kiberiti gizani,
kisha zinakipata.

Yowe lao halina sauti:
ni protini zinazotiririka
zikisema njooni, njooni, nyumba inaungua.
Mishipa inalegea, inavuja,
na chembe nyingine zinakuja mbio kuzima moto
na ndoo za petroli.

Saa tisa, simu ya mama.
Wamemchoma seramu, vichupa vinane,
imetoka kwenye damu ya farasi, Mungu awape farasi majani.
Sumu imeshikwa, daktari kasema.
Basi mbona mguu unazidi kuvimba?
Mbona ngozi inang'aa kama biringanya?

Ningemwambia nini?
Kwamba nyoka kaondoka zamani,
kajilaza mahali anameng'enya panya wake,
na kinachomla mwanao sasa
ni mwanao mwenyewe?
Kikulacho ki nguoni. Hapana, mama,
hiki kimepita nguo, kimepita ngozi,
kinaitwa kwa jina lake na kinaitika.

Nikasema: muuinue mguu juu ya mto.
Msiufunge kamba. Msiupake kahawa.
Nikasema: ni mwili unapigana.
Sikusema unapigana na nani.

Asubuhi ile, kwa penseli, nilikuwa nimeandika daftarini:
mwitikio mkali, mzuri.
Nikalifuta neno la mwisho
mpaka karatasi ikachubuka.

Jumamosi akapiga mwenyewe, sauti imekauka.
Mguu hakuutaja.
Ule mkungu, akasema,
kuna mtu kauiba.
Na haukuwa na doa hata moja.