Unga Kwenye Kurasa

Nimesaga mahindi ya soko la Luanda miaka thelathini na mmoja,
na vitabu vyangu vyote vina unga.
Ukivifungua ghafla, utapiga chafya.
Navinunua Kibuye, Jumapili, kwa Odindo,
anayevitathmini kwa kuvibonyeza kama samaki:
"Hiki kina mnofu, Musimbi. Hiki miiba mitupu."

Vya wafalme wa kale nimevimaliza vingi.
Najua nani alimtilia nani sumu, na kwa kikombe gani,
najua rangi ya pazia alikojificha mpwa mwenye kisu.
Lakini mwandishi huyo, mwenye jicho la kuona hata uzi wa pazia,
hakuniambia debe la nafaka mjini lilikuwa bei gani,
wala foleni kinuni ilianza saa ngapi.
Mimi hayo ndiyo ningeuliza kwanza.

Nikifika penye neno karamu, nasimama.
Nahesabu: wageni mia nne, siku tatu,
basi si chini ya magunia tisa.
Naandika pembeni kwa penseli: Nani alisaga?
Odindo analalamika kwamba ninamharibia bei.

Ya majoka ni habari nyingine.
Aliniuzia juzuu ya tatu; ya kwanza na ya pili hana,
ikabidi nijitungie mwanzo mwenyewe
kati ya gorogoro moja na nyingine.
Khavere, mteja wangu wa wimbi,
kila Alhamisi hupaza sauti juu ya ngurumo ya mota:
"Lile joka lako bado liko hai?"
Liko hai, namjibu, ila limevunjika bawa.
"Maskini," anasema, na kujitwika unga wake.

Wanangu husema hayo ni mambo ya watoto.
Labda.
Ile ramani ya ukurasa wa mbele nimeikariri,
mito yake, daraja lake bovu,
na usiku stima ikipotea
natembea humo bila tochi.

Vya vita sivisomi kinuni.
Hivyo ni vya nyumbani, mlango umefungwa.
Baba yangu, Zakaria Andayi, alikwenda Burma na Keya,
akarudi na kijiko kimoja na kimya kingi.
Kila masika alilala na viatu.
Mama aligomba: shuka zangu! matope!
Sisi watoto tulicheka.
Mungu atusamehe, tulicheka sana.

Alikuwa na miaka kumi na minne kaburini
nilipofungua kitabu cha mtu wa mbali,
asiyejua Luanda iko upande gani wa dunia.
Ukurasa wa mia mbili na tatu: msitu, mvua, askari wamejilaza,
na anayevua viatu usiku
asubuhi hana miguu ya kuingia humo.
Sentensi moja tu.
Kisha mwandishi akapita, ana haraka na kanali wake.
Mimi nilibaki pale wiki nzima.

Nilipanda darini kutafuta ile jozi.
Tulishaigawa, sijui kwa nani,
siku ile ya kugawa vitu.

Jina la baba humo halimo. Nimelitafuta.
Kuna "wapagazi", mara sita.
Kuna "Waafrika wetu, hodari," mara moja,
halafu wanaitwa wakasogeze mzinga.
Pembeni nikaandika, safari hii kwa wino:
Andayi. Huyu alilala na viatu.
Kitabu hicho Odindo harudishiwi.

Jana Khavere kauliza tena habari za joka.
Jani la mwisho limechanwa;
nadhani lilifungiwa mtu njugu huko Kibuye.
Nikamwambia: limelala.
"Basi punguza kelele," akasema,
na mimi, mwanamke mzima, wateja saba kwenye foleni,
nikazima mota.