Mistari Sita kwa Mpiga Chapa

Mpiga chapa wa Olomouc anataka tarehe:
mistari sita, asema, karatasi ni ghali.

Thelathini na moja. Babu Vavřinec anauza ng'ombe wawili,
anarudi na farasi kumi na wawili wa mbao.
Bibi hakumsemesha hadi Pasaka.

Arobaini na mbili. Wanajeshi wanabeba injini.
Bembea ikazungushwa kwa mabega,
mjomba Ctibor akisukuma, akitweta,
na watoto wakilipa kiingilio kwa viazi.

Hamsini na moja. Kampuni inakuwa mali ya umma.
Babu anaajiriwa kukata tiketi
za farasi aliowapaka rangi mwenyewe,
kofia ya sare ikimpwaya hadi masikioni.
Si hatua ya kupigiwa makofi. Naiandika.

Sabini na nne: magari ya kugongana!
Msichana mmoja kutoka kiwanda cha bia
alimgonga baba yangu mara saba, makusudi.
Mara ya nane wakaenda kula soseji.
Ndipo nilipoanzia mimi, na mahesabu haya.

Tisini na moja. Tunarudishiwa farasi kumi na mmoja.
Wa kumi na mbili, yule mwenye sikio lililomeguka,
hayumo kwenye daftari la mtu yeyote.
Fundi alitaka kuchonga mwingine. Nikakataa.
Pengo lake linazunguka na wenzake,
na wapo watoto wanaolipungia mkono.

Najua, mistari imezidi.
Kata pengine. Hilo pengo uliache.